Je, Wajua? Adui wa Waya wa Gia Ni Vumbi

Je, wajua kwamba ukibonyeza gia mara moja kwenye baiskeli ya mlimani yenye gia nane nyuma, mfumo wa kawaida wa kampuni ya Shimano huvuta waya milimita 2.8 tu? Kwa mvuto huo mdogo mnyororo unatakiwa uhame kutoka duara moja la meno hadi jingine lililo umbali wa milimita 4.8. Waya ukicheleweshwa nusu milimita, mnyororo unakwaruza. Ukicheleweshwa milimita nzima, unarukaruka, au unakataa kabisa kuhama.

Hesabu hiyo ni ngumu zaidi Kabingo, makao makuu ya Isingiro, wilaya ya Uganda iliyomegwa kutoka Mbarara mwaka 2005. Lami ya Mbarara kwenda Kikagati inapita hapo, lakini anayekata kuelekea makazi ya wakimbizi ya Nakivale anaingia kwenye barabara ya murami, yaani ya changarawe. Kuanzia Juni hadi Agosti murami huo ni vumbi jekundu. Mvua za Septemba zikianza, ni tope. Nakivale imekuwa ikipokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, kwanza kutoka Rwanda, kisha Kongo, Burundi, Somalia na kwingineko, na barabarani baiskeli hubeba watu, madumu ya maji na mikungu ya matoke kutoka mashamba ya Isingiro.

Nyingi kati ya hizo ni baiskeli nyeusi za kazi, za gia moja, zenye breki za vyuma virefu badala ya waya. Zimedumu kwa sababu hazina kitu chembamba cha kuzibwa na uchafu. Lakini penye milima mpanda baiskeli hutamani gia, na anayenunua baiskeli ya mlimani iliyotumika Ulaya au Japani hununua pamoja nayo mita kadhaa za waya unaohitaji kutunzwa.

Waya wenyewe ni uvumbuzi wa zaidi ya karne moja. Ernest Monnington Bowden, mzaliwa wa Ireland, alipata hataza yake Uingereza mwaka 1896. Hajulikani kuwa na undugu wa karibu na Frank Bowden aliyeijenga kampuni ya baiskeli ya Raleigh. Wazo la Ernest lilikuwa rahisi: waya wa chuma upite ndani ya ganda lisilobonyea. Ukivuta waya huku ganda limezuiwa ncha zote mbili, nguvu hufika upande wa pili hata kama njia imepinda.

Kwa breki, ganda la chuma kilichoviringwa linatosha. Kwa gia halikutosha tena baada ya Shimano kuleta gia zinazohama kwa mbofyo katikati ya miaka ya 1980. Ganda la kuviringwa hufupika kidogo linapobanwa, na ufupi huo hula sehemu ya zile milimita 2.8. Ndipo likaja ganda la gia, ambalo nyuzi zake za chuma zimelala sambamba na waya. Kwa nje yanafanana, ila la gia kwa kawaida lina unene wa milimita 4 na la breki milimita 5. Kamwe lisifungwe la gia kwenye breki: mkono ukikamata kwa nguvu, nyuzi zake zinaweza kuchomoka na breki ikapotea mteremkoni.

Vumbi linaingia wapi? Zaidi ya kote, kwenye kipande cha mwisho kinachojikunja karibu na gurudumu la nyuma. Kiko chini, kinarushiwa tope na tairi, na maji yanayoteremka na waya huishia humo. Kila kona nayo huongeza msuguano juu ya uliotangulia. Chukua njia yenye kona za jumla ya digrii 180. Waya safi wenye kipimo cha msuguano cha 0.1 utahitaji kuvutwa kwa nguvu zaidi kwa asilimia 37 hivi. Kipimo kikipanda hadi 0.3 kwa sababu ya uchafu, nguvu inayohitajika ni zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ya waya usio na msuguano.

Kidole gumba kinaweza kuushinda msuguano huo. Springi ya mkono wa gia wa nyuma haiwezi, nayo ndiyo inayourudisha waya. Kwa hiyo, kwenye baiskeli nyingi, dalili ya waya mchafu ni hii: mnyororo unapanda vizuri kwenye meno makubwa, lakini unasita kushuka kwenye madogo.

Waya uliozibwa dhidi ya vumbi unakusudia kukomesha hilo. Mrija mwembamba wa plastiki telezi hufuata waya kutoka usukanini hadi nyuma, hata pale kwenye fremu ambapo kwa kawaida waya huwa wazi, na kila ncha ina kifuniko chenye mpira. Kampuni ya Marekani ya W. L. Gore, maarufu kwa kitambaa cha Gore-Tex, iliwahi kuuza nyaya za aina hiyo, kisha ikaacha. Watengenezaji wengine bado wanazo.

Kuzifunga nyumbani si kazi ya kutisha. Weka mnyororo kwenye meno madogo kabisa, legeza nati ya nyuma, ukate ncha ya waya wa zamani na uusukume utoke upande wa usukani. Pima ganda jipya kwa la zamani, na ugeuze usukani pande zote mbili kuhakikisha halivutiki. Kata kwa kikatio kikali, kwani plasi butu huponda ganda. Piga tupa ncha iwe bapa, kisha ufungue tundu la plastiki kwa spoki iliyochongwa. Vika vifuniko, pitisha mrija na waya, vuta kwa mkono, kaza nati. Grisi nzito isitiwe, maana hunasa vumbi lile lile linalokimbiwa.

Mnyororo ukisita kupanda, fungua skrubu ya kurekebishia robo zamu. Ukisita kushuka, ikaze robo zamu. Ncha ya waya ifungwe kofia isichanuke. Nati ya spoki iliyobanwa kwa plasi inafaa pia.

Wapo wahandisi walioamua kuuondoa waya wa gia kabisa. Mwaka 2023 shirika la World Bicycle Relief lilitoa baiskeli ya mizigo ya Buffalo S2 yenye minyororo miwili na gia mbili, na mpandaji hubadilisha gia kwa kukanyaga pedeli kinyumenyume.

Mwenye baiskeli ya mlimani asiyeweza kununua seti nzima iliyozibwa aanze na kile kipande cha nyuma: ganda jipya la gia, waya mpya, vifuniko vyenye mpira. Ni kipande kifupi, bei yake ni ndogo, na ndicho kinachoharibika kwanza.