Nyanya Akilalamika, Nani Amsikilize?

"Nyanya, wewe si mzazi wa mtoto huyu. Malalamiko kama hayo huletwa na mzazi mwenyewe."

Maneno hayo aliambiwa mama yangu, mwanamke wa miaka 71, katika ofisi moja ya watoto hapa Pwani mwaka 2024, nami nimesimama nyuma yake nimemshikia mkoba. Mzazi aliyetakiwa kuyaleta malalamiko hayo ni dada yangu, naye tulimzika mwaka 2016, mtoto akiwa na miaka miwili. Baba ya mtoto hata matangani hakuonekana.

Ndugu msomaji, sikuja hapa kumtakasa mama yangu. Jirani aliyepiga simu nambari 116, ile ya bure ya kuwatetea watoto, alifanya vizuri. Mtoto alikuwa amekosa shule wiki nzima, akizunguka mtaani na ndoo ya mahamri kwa kuwa nyanya yake alishikwa na miguu hata hawezi kusimama. Lililoniuma ni kwamba mtoto alichukuliwa nyanya akiwa hospitali, akapelekwa katika makao ya watoto, na hapakuachwa hata kipande cha karatasi cha kueleza sababu. Wiki tatu tulikwenda tukirudi, na kila siku swali likawa hilo hilo: wewe ni nani kwa mtoto?

Swali hilo huulizwa wazee wengi. Tangu ukimwi ulipoanza kufagia vijana katika miaka ya 1980 na 1990, nyumba nyingi nchini zimesimama juu ya nyanya na babu. Wamelea bila cheti wala hati, maana nani huandikiana hati kwa kumlea mjukuu wake?

Ikabidi nisome mwenyewe. Kifungu cha 22 cha Katiba ya 2010 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kwa niaba ya mwingine asiyeweza kujisemea, haki za mtu huyo zikivunjwa. Hakidai awe mzazi. Tena hakuna ada ya kufungulia kesi ya namna hiyo, na ikibidi mahakama hupokea hata maandishi yasiyofuata taratibu za mawakili. Kifungu cha 47 nacho kinasema kwamba mtu ambaye haki yake imeguswa vibaya na uamuzi wa ofisi, apewe sababu kwa maandishi. Sheria ya Watoto ya 2022 inautambua ulezi wa jamaa. Na kwa asiyetaka mahakama, iko ile tume ya kusikiliza malalamiko juu ya ofisi za serikali, iliyoundwa mwaka 2011, ambayo wengi huiita Ombudsman.

Yote hayo yamo kitabuni. Mezani kwa karani hayakuwamo.

Bila shaka afisa naye ana hoja. Wako wazee wanaoficha uovu wa mwana wao, wakisema mambo ya nyumbani humalizwa nyumbani, na mtoto akaangamia. Nimewaona. Kifungu cha 53 kinaweka maslahi ya mtoto mbele ya kila kitu, nayo ni mbele ya machozi ya nyanya pia. Lakini kumsikiliza nyanya si kumkabidhi mtoto. Ni nani mwingine angemweleza afisa kwamba mtoto huyu hupatwa na pumu usiku, na kwamba hulala vizuri akiinuliwa mto?

Basi tukaandika barua, mama akisema, mimi nikiandika kwa mkono. Nilipoandika "mlalamikaji" akanizuia.

"Futa hilo, mwanangu. Andika nyanya yake."

Nikafuta. Siku ya kumi na moja tukapata jibu, na sababu zikiwa zimeandikwa: kukosa shule, kuuza barabarani, mlezi mgonjwa. Mama alisomewa, akatikisa kichwa, akasema mawili ni kweli na la tatu limepona. Tukapewa na tarehe ya kusikizwa katika Mahakama ya Watoto.

Wakati wa kungoja tuliruhusiwa kumwona mtoto kila Jumamosi. Mara ya kwanza mama alimpelekea mahamri kumi katika kitambaa. Mtoto alikula mawili, akauliza ni nani siku hizi anayemsaidia nyanya kuukanda unga.