Kilio cha Susana na Ulinzi wa Mhudumu wa Hoteli

Katika sura ya 13 ya Kitabu cha Nabii Danieli tunakutana na Susana, mwanamke mcha Mungu aliyeviziwa bustanini na wazee wawili wenye mamlaka. Alipaza sauti, lakini umati uliwasadiki wazee kwa sababu ya cheo chao. Aliokoka pale Danieli alipodai kwamba kila mshtaki ahojiwe peke yake. Anayedhulumiwa anahitaji basi mambo mawili: njia ya kuomba msaada, na watu walio tayari kumsikiliza.

Mhudumu wa vyumba hotelini yumo katika hatari kama hiyo. Huingia peke yake chumbani mwa mtu asiyemfahamu, na mtu huyo ndiye mteja anayelipa. Mwaka 2016, chama cha wafanyakazi cha UNITE HERE Local 1 cha Chicago, nchini Marekani, kiliwahoji takribani wanawake 500 wa hoteli na kasino. Asilimia 58 ya wale wa hotelini walisema wamewahi kunyanyaswa kingono na wageni.

Mwezi Oktoba 2017, Baraza la Jiji la Chicago likapitisha sheria. Hoteli zilipewa hadi tarehe 1 Julai 2018 kumpatia kila mfanyakazi anayeingia peke yake vyumbani au vyooni kitufe cha dharura, ambacho akikibonyeza huita msaada mara moja. Tena anayo haki ya kuacha kazi na kuondoka penye hatari, kupangiwa kazi mbali na mgeni huyo hadi atakapoondoka, na kupewa muda wenye malipo wa kwenda kushtaki polisi na kutoa ushahidi. Mwajiri haruhusiwi kumlipizia kisasi aliyelalamika.

Katika jiji la Seattle, wananchi walipitisha ulinzi kama huo kwa kura mwaka 2016. Mahakama ya rufani iliubatilisha mwaka 2018 kwa kuwa pendekezo lao lilichanganya mambo mengi mno. Baraza la Jiji likautunga upya mwaka 2019.

Hapa Kenya, kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atoe sera ya maandishi dhidi ya unyanyasaji wa kingono, baada ya kushauriana nao. Ni msingi mwema. Hata hivyo, sera iliyofungiwa kabatini haimfikii binti aliye peke yake ghorofa ya tatu.

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake *Laborem Exercens* wa mwaka 1981, alifundisha kwamba hadhi ya kazi hutokana na mtu anayeifanya. Anayetandika kitanda ana utu uleule alio nao anayekilalia.

Kwa hiyo, enyi waajiri, isomeni sera hiyo mbele ya wafanyakazi wenu, nanyi mtangulie kuitii. Wafanyakazi, iulizieni. Nanyi wazazi, binti akirudi nyumbani na habari nzito kama hii, msimjibu kwa neno “vumilia” kwa kuhofia mshahara utakatika. Uvumilivu ni fadhila, lakini hauagizi mtu kuificha dhambi anayotendewa. Msikilizeni kwanza, kisha mfuatane naye hadi haki ipatikane.