Jino la Shingo: Kueleza Maradhi ya Ubongo na ya Shingo kwa Kiswahili katika Migori na Homa Bay

Makala haya yanahusu maneno, ingawa msomaji atakutana humu na mifupa, damu na mashine zaidi ya ilivyo desturi ya kurasa hizi. Nia yangu ni kueleza jinsi madaktari wanavyoyachunguza na kuyapasua maradhi ya ubongo na ya sehemu ya juu ya uti wa mgongo, na kuonyesha mahali ambapo Kiswahili tunachokitumia kuyaeleza humsaidia mgonjwa na mahali ambapo humpoteza. Mifano yangu inatoka katika kaunti za Migori na Homa Bay, ambako Mjaluo, Msuba, Mkuria na Mgusii husimama katika foleni moja ya hospitali. Lugha inayowaunganisha na muuguzi aliyetoka kwingine, aghalabu, ni Kiswahili.

Sikulichagua jambo hili kwa kupenda. Binamu yangu, kijana wa Ndhiwa, alianguka kutoka kwenye bodaboda akatua kwa kichwa. Alipelekwa katika hospitali moja ya kanda ya Ziwa, nami nikaitwa usiku kwa kuwa ndimi “msomi wa lugha” katika ukoo wetu. Nilimkuta shangazi yangu mlangoni pa chumba cha picha, amekataa katakata. “Mwanangu,” aliniambia, “mtoto kaumia shingo, hawa wanamwambia afungue kinywa wampige picha ya jino. Jino lake lina nini? Pesa yangu hiyo wanaitafuna.” Alitaka mtoto avuliwe kola iliyomkaza shingo, arudishwe nyumbani akakandwe na mzee mmoja anayesifika kwa kuunga mifupa.

Mpiga picha alikuwa amesema kweli tupu, tena kwa Kiswahili safi: “Tunataka kuliona jino.” Mimi nilikuwa na shahada mbili, ya pili ya ng'ambo, na sikujua la kumjibu shangazi. Ilibidi daktari anieleze kwanza kwa Kiingereza, pembeni, kama mtu anayemfundisha mtoto.

Shingo ya binadamu ina pingili saba. Ya kwanza haifanani na nyingine, kwani ni pete tu, nayo ndiyo inayobeba fuvu. Ndiyo maana waganga wa Ulaya waliipa jina la Atlas, lile jitu la hadithi za Wayunani lililobebeshwa mbingu. Pingili ya pili ina kipande cha mfupa kilichosimama wima na kuingia ndani ya pete hiyo, kama kigingi. Kwa Kilatini kigingi hicho kiliitwa jino, na jina hilo limebaki. Tunapoitikia kwa kichwa, fuvu hucheza juu ya pingili ya kwanza. Tunapokataa kwa kutikisa kichwa, pete huzunguka kigingi. Karibu nusu ya mzunguko wote wa shingo hutokea katika kiungo hicho kimoja.

Nyuma tu ya jino hilo unapita ule mshipa mkuu wa neva utokao kwenye ubongo. Amri ya kupumua hushukia humo. Jino likivunjika, pete na fuvu huweza kuteleza pamoja nalo, na kitu kilichokuwa mlinzi wa neva hizo kikawa ndicho kinachozibana. Mtu anaweza kutembea akiwa na jino lililovunjika, akala, akazungumza, kisha akageuzwa vibaya kitandani, au akakandwa, akakata pumzi. Sasa, kwa nini kinywa? Kwa sababu mwale wa eksirei ukipita kutoka mbele hukutana na taya na meno, na vivuli vyake hulifunika lile jino la shingo. Mgonjwa akipanua kinywa, njia hufunguka. Picha hupigwa kupitia kinywani, lakini kinachotafutwa kiko nyuma, shingoni.

Nilipomwambia shangazi kwamba ndani ya shingo kuna kigingi, na kwamba kigingi kikikatika ng'ombe huenda na kamba, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, “Mbona hawakusema kigingi?” Swali hilo ndilo lililoyazaa makala haya. Maoni yangu ni kwamba vitabu viendelee na “jino”, kwa kuwa mwanafunzi wa udaktari atalikuta hivyo katika lugha nyingine, lakini wodini litumike “kigingi”. Istilahi moja kwa kila dhana ni kanuni nzuri ya kamati. Kando ya kitanda cha mgonjwa si lazima itutawale.

Neno “picha” lenyewe lina mashaka yake. Mgonjwa wa kichwa au shingo anaweza kuambiwa apigwe picha mara tatu kwa siku mbili, na kila mara alipe. Si mara moja nimesikia mtu akisema, “Nimeshapigwa picha, wameipoteza, wanataka nyingine.” Mtu huyo hana ukaidi, lugha ndiyo iliyompa neno moja kwa vitu vitatu. Eksirei, aliyoigundua Wilhelm Röntgen mwaka 1895, huonyesha mfupa kwa kivuli. Huona ufa wa pingili, lakini ubongo haiuoni, kwa kuwa umefungiwa ndani ya mfupa. Sitiskani hutumia miale ile ile, ila mashine humzunguka mgonjwa na kompyuta hupanga vivuli hivyo kuwa vipande vyembamba, mfano wa mkate uliokatwakatwa. Hapo damu iliyovuja ndani ya fuvu huonekana kwa dakika chache. Emarai haitumii miale hiyo kabisa. Hutumia sumaku kubwa na mawimbi ya redio, na ndiyo ionyeshayo vizuri vitu laini, yaani ubongo wenyewe, neva za shingo, na uvimbe unaozibana. Kwa ajili ya sumaku hiyo mgonjwa huulizwa sana kama ana chuma mwilini.

Yafaa tukumbuke kwamba hesabu za sitiskani zina asili ya Kiafrika kwa sehemu. Allan Cormack alizaliwa Johannesburg mwaka 1924, na alianza kulifikiria tatizo hilo alipokuwa akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, mwaka 1956. Mgonjwa wa kwanza alichunguzwa London mwaka 1971 kwa mashine ya Godfrey Hounsfield, na wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Nchini Kenya, mpango wa serikali wa kukodi vifaa ulioanza mwaka 2015 ulilenga hospitali mbili katika kila kaunti, na vifaa vya picha vilikuwa miongoni mwake. Mashine, basi, zimekaribia. Majina yake bado. Napendekeza tuseme “picha ya mfupa”, “picha ya vipande” na “picha ya sumaku”. Hayo si majina ya kitaalamu sana, lakini yanampa mwenye kulipa sababu ya kulipa mara tatu.

Tuje kwenye upasuaji. Kwa Dholuo kuumwa kichwa ni *wich bar*, na *bar* ni kupasuka. Mswahili naye husema kichwa kinampasuka. Basi daktari anapotangaza kwamba “kichwa kitapasuliwa”, msikilizaji anaahidiwa ugonjwa wake mwenyewe, tena kwa kisu. Nashauri tuseme “kufungua fuvu”, kwani ndilo linalotendeka. Mtu akipigwa ubavuni mwa kichwa, mshipa unaweza kukatika na damu ikavia kati ya fuvu na utando wa nje wa ubongo. Pengine huamka, huzungumza, jamaa wakashukuru; baada ya saa chache husinzia na asiamke. Ubongo hauna pa kukimbilia, maana fuvu halitanuki. Mpasuaji hutoboa tundu, au hukata kipande cha mfupa kama kifuniko, huitoa damu, huufunga mshipa, kisha hukirudisha kifuniko. Ikiwa ubongo wenyewe umevimba, kifuniko huweza kuachwa nje kwa muda.

Kazi hii si ngeni kwa majirani wa Migori na Homa Bay. Wagusii, ambao nchi yao inapakana na kaunti zote mbili, walikuwa na mafundi wa kufungua fuvu muda mrefu kabla ya hospitali, na fundi wa namna hiyo aliitwa *omobari*, yaani mpasuaji wa vichwa. Aliyekwenda kwake, aghalabu, alikuwa mtu aliyepigwa kichwani na ambaye maumivu hayakumwacha. Fundi aliichana ngozi, akaukwangua mfupa polepole kwa chuma kilichopinda, na alijihadhari asiutoboe utando ulio chini yake. Edward Margetts, daktari wa maradhi ya akili aliyekuwa Mathari, Nairobi, katika miaka ya 1950, alizichunguza kazi hizo na kuandika juu yake mwaka 1967. Wapo waliopasuliwa tena na tena hadi sehemu kubwa ya fuvu ikawa haipo, na picha za eksirei zikathibitisha hivyo. Sisemi kwamba omobari alikuwa daktari wa ubongo. Hakuwa na njia ya kujua damu iko upande gani, na maumivu mengi aliyoyatibu huenda yasingehitaji kisu. Lakini aliujua mpaka usiovukwa, na lugha yake ilikuwa na jina la kazi yake, ilhali Kiswahili sanifu bado kinamwita mtaalamu huyo kwa maneno manne au matano.

Utando huo wa nje una kisa kinachonifurahisha, ingawa unatutoa njiani kidogo. Kilatini huuita “mama mgumu”, na watu hudhani ni ushairi wa Warumi. Kumbe ni tafsiri ya sisisi ya Kiarabu, ambamo “mama” ni namna ya kutaja kitu kinachofunika na kutunza kingine. Wale wanaoona aibu Kiswahili kukopa kutoka Kiarabu wajue kwamba Kilatini cha udaktari kilifanya vivyo hivyo katika karne za kati. Mimi natumia “utando mgumu” na sioni haja ya kumrudisha mama.

Lililo zito kuliko yote ni “uti wa mgongo”. Kwa maneno hayo matatu tunataja safu ya mifupa. Tunataja ule mshipa mkuu wa neva upitao ndani yake. Tena tunataja homa, maana “homa ya uti wa mgongo” ni uvimbe wa tando za ubongo na za neva hizo, wala si ugonjwa wa mfupa. Jina hilo, bila shaka, lilitokana na kukakamaa kwa shingo na mgongo. Madhara yake ni haya. Ili kuupima ugonjwa huo, daktari huingiza sindano kiunoni atoe maji kidogo. Mama mzazi anaambiwa “tutachoma sindano kwenye uti wa mgongo”, naye anajua kwamba uti wa mgongo ukiharibika mtu hupooza. Anakataa, na kwa maneno aliyopewa ana haki ya kukataa.

Ukweli ni kwamba mshipa wa neva haufiki chini ya mgongo. Kwa mtu mzima hukoma karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano huingia chini ya hapo, kati ya ya tatu na ya nne au ya nne na ya tano, mahali palipo na maji na nyuzi zinazoelea. Kwa mtoto mchanga neva hizo hushuka zaidi kidogo, na daktari hulijua hilo akachagua mahali pa chini. Homa Bay ni kaunti ambayo kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa zile zenye maambukizi mengi ya virusi vya ukimwi, na kuna aina ya homa hii, iletwayo na kuvu, inayowashika walio na upungufu wa kinga. Katika aina hiyo maji hujaa kwa nguvu kichwani, na kuyatoa kiunoni, hata mara kadhaa, ni sehemu ya tiba. Neno baya hapo humnyima mtu dawa.

Kwa hiyo nautenga “uti wa mgongo” uwe wa mifupa. Zile neva naziita “ugwe wa mgongo”, kwa kuwa ugwe ni kamba nyembamba. Na sindano naiita “sindano ya maji ya kiunoni”. Homa siwezi kuibadilisha jina, imeshazoeleka.

Kwa watoto lugha imetutendea wema. “Utosi” unajulikana na kila mama, na kupitia utosi ulio wazi daktari huweza kuutazama ubongo kwa mawimbi ya sauti, bila miale wala sumaku. “Maji kichwani” nalo ni jina la kweli. Maji yasipopata njia, kichwa hukua. Huwekwa mrija wa kuyapeleka tumboni, au, kama Benjamin Warf alivyofanya Mbale, Uganda, na kuandika mwaka 2005, hutobolewa njia mpya ndani ya ubongo na kuunguzwa sehemu inayotengeneza maji, ili mtoto wa kijijini asitegemee mrija unaoweza kuziba akiwa mbali na mpasuaji.

Binamu yangu alipigwa picha kinywani, kisha ya vipande. Jino lilikuwa limekatika shinani. Mvunjiko wa namna hiyo huweza kutibiwa kwa pete ya chuma iliyokazwa kwenye fuvu na kushikizwa mabegani kwa majuma mengi. Au kwa skrubu moja itiwayo kutoka mbele ya shingo. Au kwa kuziunganisha pingili mbili za kwanza kutoka nyuma. Alihamishiwa hospitali ya rufaa, na huko wakaichagua njia ya tatu. Daktari alituonya kwamba mzunguko wa shingo utapungua, nami safari hii nilikuwa na maneno ya kumweleza shangazi. Sasa kijana akiitwa kutoka nyuma hugeuka mabega yote, kama askari. Shangazi huwaambia wageni kwamba kigingi kilifungwa waya, na wakibisha huwaonyesha picha, ambayo ameitundika sebuleni kando ya kalenda.