Taa ya Visiwa vya Flannan na Masimulizi Yake

Visiwa vya Flannan vimo katika bahari ya Atlantiki, yapata kilomita 32 magharibi ya kisiwa cha Lewis, katika nchi ya Uskoti. Juu ya kisiwa kilicho kikubwa, Eilean Mòr, umejengwa mnara wa taa, ambao uliwashwa mara ya kwanza tarehe 7 Desemba 1899.

Khofu ya mahali pale ni kongwe kuliko mnara. Martin Martin, katika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1703, aeleza kuwa watu wa Lewis waliokwenda huko kuwinda ndege walivua kofia, wakageuka kufuata mwendo wa jua, na muda wote waliokaa walishika mwiko wa maneno. Maji hayakutajwa kwa jina lake la kila siku; jabali liliitwa "gumu", na pwani ikaitwa "pango". Hata jina la Flannan halikutamkwa, ila "nchi" tu. Kwa mchunguzi wa lugha, orodha hiyo fupi ina thamani kupita mizuka yote iliyosimuliwa baadaye.

Usiku wa tarehe 15 Desemba 1900 meli moja ilipita bila ya kuiona taa. Dhoruba iliichelewesha meli ya zamu, Hesperus, hata ikawasili tarehe 26. Walinzi watatu, James Ducat, Thomas Marshall na Donald McArthur, hawakuonekana. Saa imesimama, moto haujawashwa, na koti la McArthur lingali pale pale.

Robert Muirhead, msimamizi aliyetumwa kuchunguza, alikuta kwenye gati la magharibi vyuma vimepindwa, na sanduku la kamba, lililowekwa mita 33 hivi juu ya bahari, limevunjika. Akaamua kuwa wimbi kubwa liliwachukua watu wale.

Watu hawakutosheka. Shairi la Wilfrid Gibson la mwaka 1912 liliongeza chakula kisichoguswa na kiti kilichoanguka, ambavyo havimo katika taarifa ya Muirhead. Mwaka 1929 gazeti moja la Marekani likatoa maneno yaliyodaiwa kuwa ya daftari la mnara, kwamba walinzi walikuwa wakilia na kuomba. Huo ni uzushi, tena uzushi wenye kudhulumu: watu waliokufa kazini wamefanywa waoga mbele ya wajukuu zao. Kumbukumbu ya kweli, iliyoandikwa kwa chokaa juu ya kibao, ilikomea saa tatu asubuhi ya tarehe 15, nayo yataja hali ya hewa.

Tangu mwaka 1971 taa hujiendesha yenyewe, wala hapana mlinzi akaaye Eilean Mòr.