Amarula inauza tembo. Kasiksi inauza nini?

Kwenye butiki ya vinywaji, chupa ya Amarula unaitambua hata ukiwa mbali. Juu ya etiketi kuna tembo. Hata asiyejua kusoma anaelewa kama hii kitu imetoka Afrika.

Amarula inatengenezwa Afrika ya Kusini kwa matunda ya mti wa marula na krimu ya maziwa. Iliingia sokoni mwaka 1989. Tembo anapenda sana yale matunda, njo maana walimuchagua. Mutu wa Ulaya hajaona mti wa marula hata siku moja, lakini tembo anamujua. Ile picha inamupa hadithi mbele afungue kifuniko.

Waganda walipitia njia ingine. Watu walikuwa wanapika enguli nyumbani. Mwaka 1965 serikali ilitunga sheria: hakuna kupika bila ruhusa, na wenye ruhusa wauzishie kiwanda. Kiwanda kikaisafisha tena, kikaitia kwenye chupa na kuiita Uganda Waragi. Jina la nchi likasafiri pamoja na kinywaji.

Mexico yenyewe ililinda jina. Tangu mwaka 1974 sheria inasema wapi tequila inaweza kutoka: leo ni jimbo la Jalisco na sehemu za majimbo mengine mane. Kila chupa inabeba namba ya kiwanda. Mutu wa inchi ingine hawezi kupika yake na kuiita tequila.

Sasa kasiksi? Hadithi haikosi. Wamama wa Kivu wanakamua ndizi tangu wakati wa mababu, na lotoko ya mahindi na muhogo inajulikana Kongo yote. Shida haiko kwenye picha.

Geuza chupa yoyote inayouzwa Ulaya: nyuma yake kuna asilimia ya pombe, kipimo cha kinywaji, na jina la mwenye kuijibia. Marekani, tangu 1989, lazima kuwe pia onyo kwa wamama wenye mimba na wenye kuendesha gari. Mupishi wa lotoko ataandika asilimia gani, kama kila safari nguvu yake inabadilika? Tena, lotoko iliyopikwa vibaya inaweza kuwa na methanoli, sumu yenye kupofusha macho na kuua. Kasiksi nayo inaendelea kuchacha ndani ya bidoni. Ukiifunga kwa nguvu, inaweza kupasua chupa.

Kwa hiyo kazi ya muchoraji inakuja mwisho. Kwanza kipimo kisichobadilika, kisha ruhusa na ukaguzi wa OCC, kisha kuandikisha jina. Hapa njo kuna haraka: kwenye inchi nyingi, anayeandikisha jina la biashara wa kwanza njo anatambuliwa. Siku mutu mwenye feza atatia kasiksi kwenye chupa nzuri, picha ya mama mwenye kukamua ndizi inaweza kuwa kwenye etiketi, na mama mwenyewe akabaki inje ya faida.