Nani Agharamie Sayansi ya Urithi?

Makada huulizwa mara kwa mara: kwa nini fedha za umma zitumike katika utafiti ambao matunda yake huchelewa kuonekana? Tuutazame mfano wa Marekani, nchi ya kibepari.

Mwaka 1990 Serikali ya nchi hiyo, kupitia Wizara ya Nishati na Taasisi za Taifa za Afya, ilianzisha Mradi wa Jinomu ya Binadamu. Kazi ilikuwa kusoma herufi zipatazo bilioni 3 za maelekezo ya urithi. Ilikadiriwa kuchukua miaka 15 na dola bilioni 3. Kampuni ya Celera ilijitokeza mwaka 1998, njia ikiwa imekwisha kufyekwa, ikitaka kuuza maarifa hayo. Lakini mwaka 1996, huko Bermuda, wanasayansi wa mradi walikuwa wamekubaliana kutoa matokeo yao hadharani ndani ya saa 24. Mradi ulitangazwa kukamilika mwaka 2003, na matokeo yake yakawa ya wote.

Fundisho ni wazi: anayegharamia ndiye mwenye sauti juu ya matunda.

Je, Afrika? Mpango wa H3Africa, uliotangazwa mwaka 2010, uliwasomesha wanasayansi wetu wengi. Lakini fedha zilitoka Marekani na kwa shirika la Wellcome la Uingereza. Zilipokoma mwaka 2022, watafiti walilazimika kutafuta wafadhili wengine. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Basi, Ndugu, bajeti inapojadiliwa, tuuulize: fungu la utafiti liko wapi?