Seva ya Roshani: Tovuti Inayokula Jua

Je, wajua kwamba kuna jarida la mtandaoni linaloishi ndani ya kompyuta inayotosha kiganjani, nyumbani kwa mwanzilishi wake mjini Barcelona, Uhispania? Ni Low-tech Magazine, lililoanzishwa na Kris De Decker mwaka 2007. Tangu mwaka 2018, lina toleo linaloendeshwa kwa paneli ya sola ya wati 50 iliyotegwa roshani, pamoja na betri.

Seva hiyo hula wati 1 hadi 2.5 tu, kiasi kisichotosha hata kuwasha balbu nyingi za nyumbani. Mawingu yakitanda siku kadhaa, betri huisha na tovuti huzimika hadi jua lirudi. Msomaji hafichwi lolote: rangi ya ukurasa yenyewe hupanda na kushuka kuonyesha chaji iliyobaki.

Siri iko katika wepesi wa kurasa. Tovuti nyingi hupika kila ukurasa upya msomaji anapouomba. Kurasa za jarida hili zimeandaliwa kabla, hivyo seva hutoa tu faili lililo tayari. Picha nazo hugeuzwa kuwa vitone vya rangi chache, uzito wake ukapungua sana. Faida humfikia hata msomaji wa mbali mwenye mtandao dhaifu, kwani ukurasa hufunguka upesi na bando halitafunwi.

Wavuti wenyewe ulianza hivyo, kwenye kompyuta moja tu. Seva ya kwanza ya Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, mwaka 1990, ilikuwa kompyuta ya ofisini katika kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi, iliyobandikwa karatasi ya kuwaonya watu wasiizime.

Kuendesha seva nyumbani kuna masharti yake. Jina la tovuti lazima lielekeze kwenye anwani ya namba ya intaneti yako, na ruta ipitishe maombi ya wasomaji hadi kwenye kompyuta. Hapo ndipo wengi hukwama: anwani za majumbani hubadilika mara kwa mara, na mitandao mingi ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, hivyo seva haifikiki kutoka nje. Kuziba mianya ya usalama na kutunza nakala za akiba ni juu yako pia.

Kwa nini basi mtu ajisumbue? Mwaka 2009 Yahoo iliifunga GeoCities, huduma iliyohifadhi tovuti za watu, na mamilioni ya kurasa za watu binafsi yakaondolewa. Walioziandika hawakuwa na kauli. Mwenye nakala ya kazi yake na jina la tovuti alilolisajili mwenyewe anaweza kuhamia seva nyingine, na wasomaji wakamkuta palepale. Tuanze na hayo mawili. Seva ya nyumbani itafuata kwa anayeiweza.